Stovu ya Miguu Mitatu na Ugali wa Watu Saba

Wacha niseme mapema ili tusikosane: mimi kupika sikufundishwa na mwanamke. Hata mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunionyesha jinsi ya kuchochea moto. Kwetu mwanamume akishabalehe hakanyagi jikoni ila nyumba ikiungua. Ungemkuta baba yangu ameketi mlangoni pake, njaa inamtafuna, ugali uko tayari hatua kumi kutoka alipo, na asiinuke. Angekohoa tu. Mama angesikia kikohozi, na sahani ingeletwa.

Tulikaa kwenye shamba la ngano la mzungu mmoja upande wa Njoro. Mama alichuma maua ya pareto. Baba aliendesha gari la ng'ombe. Alikuwa ametoka magharibi kabla sijazaliwa, akaenda vita vya Bama kupigana na Wajapani, akarudi na kabuti la kijeshi, na tangu hapo hakuonekana bila kabuti hilo. Jua likiwaka, kabuti. Kanisani, kabuti. Watoto wa shamba walisema analala nalo, na mimi niliyekuwa mwanawe siwezi kuapa kwamba walidanganya.

Mwaka nilipofika ishirini, mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, alipita shambani nyapara mmoja wa msitu akitafuta watu wa kwenda kupima na kuhesabu miti huko juu ya Elburgon, kwenye Mau. Vijana watano alikuwa ameshawapata. Alichokosa ni mpishi. Kila aliyeulizwa alicheka akatema mate pembeni. Mimi nikainua mkono.

Utauliza kwa nini. Mgongo wangu ulikuwa umechoshwa na pareto, na isitoshe, nilikuwa na kiburi cha kijinga. Niliona kupika ni nini? Maji, unga, moto. Kama mama zetu wanaweza hali wamebeba mtoto mgongoni, mimi mwenye mgongo mtupu nitashindwa na nini? Unacheka. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Baba hakucheka wala hakunigombeza. Asubuhi niliyofunga blanketi langu kwa kamba alikuwa ameketi mlangoni, akaniambia bila kuniangalia:

"Siku watakapokufukuza, usipite mlango huu. Zunguka nyuma, kwa wapishi wenzako."

Nyuma ndiko kulikokuwa na jiko la mama. Mama alisikia neno lile, na shamba zima likalisikia kabla ya jioni, kwa maana shambani hakukuwa na siri. Iliniuma, sitadanganya. Nilishuka njia ya Elburgon nikijua kitu kimoja tu: nikifukuzwa, nitarudi kwetu kwa mlango wa nyuma mchana kweupe, na watu watatazama.

Sasa, kambi yetu. Tulifika wakati wa kiangazi kikali. Nyasi zilikuwa zinavunjika ukizikanyaga, na bwana msitu, mzungu mkuu wa msitu ule, alikuwa ametoa amri kwamba asiwashe mtu kuni ndani ya msitu hata za kuchemshia maji ya kunyoa. Cheche moja ingetosha kuteketeza mlima mzima. Kwa hivyo alitupatia sanduku la mbao, na nyapara akalifungua mbele yetu kwa heshima zote.

Mlikuwa na stovu ya mafuta ya taa, ile ya kupiga pampu. Tangi lake la shaba ya manjano lilikuwa kubwa kama kuku aliyelalia mayai. Juu yake kichwa cha kutolea moto, kando yake pampu, na miguu mitatu myembamba iliyopanda juu ikajikunja kushikilia chombo. Pamoja nayo mlikuwa na sufuria ya shaba nyekundu yenye mkono mrefu, inang'aa mpaka unajiona meno. Vyote vilitengenezewa mzungu mmoja anayekwenda kuwinda na kunywa chai peke yake. Sisi tulikuwa watu saba na hatukuwa na shida ya chai.

Nyapara alinionyesha mara mbili. Unatia spiriti kidogo kwenye kikombe kilicho chini ya kichwa, unaiwasha ili kichwa kipate moto, unangoja. Spiriti ikikaribia kwisha unafunga skrubu ya hewa, unapiga pampu polepole. Ukiharakisha, mafuta yanatoka mabichi na moto unaruka wa njano. Ukingoja vizuri, unatoka wa buluu na kuanza kunguruma. Nilishika yote hayo. Ila alipofika kwenye kuzima, mimi nilikuwa nimeshaanza kuchekecha unga.

Maji yalichemka upesi mpaka nikajisifu kwa sauti. Nikamwaga unga. Nawe unajua ugali, ugali si uji. Ukifika mahali pake unausukuma, unaukandamiza kwenye ukuta wa sufuria, unaugeuza kwa nguvu za bega. Mafiga ya mama hayasogei hata ukisonga ugali wa harusi. Lakini stovu ile! Nilishika mkono wa sufuria kwa kushoto, nikasukuma mwiko kwa kulia, na mguu mmoja wa stovu ukainuka kama mbwa kwenye nguzo. Nikasukuma tena. Ikalala chini yote, ugali ukanimwagikia kwenye mguu, na moto ukageuka wa njano ukaanza kulamba nyasi.

Kama ningekumbuka kufungua skrubu ya hewa, ungekwisha pale pale. Sikukumbuka. Nilivua blanketi nililojifunga nikaanza kuupiga ule moto, na kila nikipiga naupepea. Nyapara ndiye aliyekuja mbio, akafungua skrubu, akamwaga udongo. Hasara yetu ilikuwa kipande cha nyasi cha ukubwa wa mkeka, nusu ya blanketi langu, na ugali wote. Wale vijana walirudi kutoka kwenye miti wakakuta chai ya rangi. Wakainywa, wakanirudishia vikombe. Afadhali wangenitukana.

Usiku ule nililala na nusu blanketi na akili nyingi. Kosa, nikawaza, ni kwamba stovu haina pa kujishikilia. Kesho yake nikachimba shimo, nikaizika mpaka shingoni, nikaizungushia mawe nikayagongomea. Haki ya Mungu, haikutikisika. Nilisonga kama bingwa. Nilikuwa hata nimeanza kuimba niliposikia mluzi mwembamba kutoka shimoni. Nikainama kutazama ni nini.

Usiiname kutazama. Tangi lililozungukwa na mawe halina pa kupumulia. Joto la kichwa linalirudia lenyewe, mafuta yanachemka ndani, na pale ubavuni kuna kijitundu kilichowekwa ili lisipasuke. Kijitundu kile kilifunguka kikatema ulimi wa moto wa urefu wa mkono. Safari hii skrubu niliikumbuka, kwa vidole vilivyoungua. Nyusi zangu ziliondoka zote mbili. Zilirudi baada ya mwezi, moja nene kuliko mwenzake, na mpaka leo ziko hivyo, utaziona nikija kwako.

Nyapara alikuwa mtu mpole, mtu wa kanisa. Aliniambia hiyo ni mara ya pili.

Kwa siku kadhaa nikapika vitu visivyosongwa: maharagwe, viazi, uji. Ili watu wasininung'unikie sana, nikaomba maziwa kwa jamaa waliokuwa wakichunga karibu na mpaka wa msitu, nikayagandisha. Wengine huyagandisha kwenye kibuyu. Mimi sikuwa na kibuyu, nilikuwa na sufuria ya shaba inayong'aa, basi nikayamimina humo, nikafunika siku mbili. Vijana walikunywa wakaramba midomo. Mmoja alisema hatimaye nimepika kitu, ingawa sikukipika.

Siku ile hakuna mti uliohesabiwa. Kila kichaka kilikuwa na mtu wake. Nyapara mwenyewe alitoka kichakani akiwa amekonda, akaichukua ile sufuria, akaitazama ndani. Ndani zamani ilikuwa imepakwa bati jeupe, lakini bati lilikuwa limeisha kwa kusuguliwa, shaba nyekundu imetokeza, na mahali maziwa yalipofikia palikuwa na mviringo wa kijani. Akaniambia niiondoe machoni pake. Ijumaa lori la mbao lilikuwa linateremka Nakuru. Nipande nalo, niende na stovu na shetani huyo wa shaba, nimtafute fundi anayejua vitu hivi. Kisha akaniambia lililobaki:

"Jumamosi ya wiki ijayo bwana msitu atakuja saa sita mchana kukagua. Asipokuta ugali uliopikwa salama juu ya stovu hii, mpishi atakwenda kwao. Ukikosa tena, mimi sitakutetea."

Nilikaa juu ya mbao mpaka Nakuru nimekumbatia stovu, na vumbi lote la njia likaingia mahali nyusi zilipokuwa.

Fundi nilimpata nyuma ya soko, mzee wa Kihindi amekunja miguu katikati ya masufuria, mengine yamepinduliwa, mengine yanapakwa bati juu ya makaa. Nilimweleza kila kitu, kwa maana aibu nilikuwa nimeiacha msituni. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Halafu akaivaa tena, akaniuliza niliwasha stovu vipi, nikamweleza bila kukosea. Akaniuliza nazimaje. Nikamtajia blanketi langu.

"Umejifunza kuwasha kabla ya kujifunza kuzima," akasema. "Hapo ndipo shida yako ilipoanzia."

Akanifunza kuzima kwanza. Alinifanya nifungue skrubu nimefumba macho, mara kumi, mara ishirini, mpaka mkono ukaijua njia. Kisha akaendelea na mengine: tangi lisijazwe mpaka juu, liachiwe robo ya hewa, mafuta yasiongezwe stovu ikiwa bado ya moto, hata kama watu wanalia njaa, isizungushiwe mawe wala mabati, isiwashwe ndani ya hema, iwekwe juu ya ubao uliolala sawa, na gunia bichi liwe karibu.

Halafu tukaja kwenye vyombo. Ile ya shaba, alisema, ni sufuria nzuri kuliko zote alizo nazo pale, kwa mtu anayeipaka bati kila mwaka na asiyetia kitu kichachu ndani. Maziwa lala, nyanya, ndimu, hivyo hula shaba, na wewe unakula kilicholiwa. Chungu cha chuma kinapika ugali mtamu, lakini ukikitia maji na unga, miguu ile mitatu itapinda kama ya ndama aliyezaliwa leo. Debe la mafuta limeungwa kwa risasi, ile ya kulehemu bati. Juu ya moto mkali wa stovu itayeyuka uikute kwenye mchuzi. Sufuria nyembamba ya alumini inapata moto mahali pamoja, katikati, ugali unaungua hapo na pembeni ni mbichi. Akanyoosha mkono nyuma yake akatoa sufuria ya alumini nene, pana chini, fupi, nyepesi kuliko chuma lakini nzito kwa alumini. Hiyo, akasema, ila usiisugue kwa mchanga kila siku ukaimaliza, na usilaze kitu kichachu humo. Tukabadilishana, yangu kwa yake, na yeye ndiye aliyefurahi zaidi.

Nilikuwa nimeshainuka aliponiita nirudi. Alitaka kuona ninavyosonga. Akatia udongo wa mfinyanzi kwenye sufuria, akaiweka juu ya stovu iliyozimwa, akanipa mwiko. Nikasonga. Stovu ikatembea kutoka mwisho mmoja wa benchi mpaka mwingine, na asingeidaka ingeanguka. Safari hii hakucheka.

"Aliyeitengeneza hii hajui ugali," akasema. "Tafuta mtu wa kukushikia."

Basi. Stovu nimeijua, sufuria ninayo, kilichobaki ni mikono miwili ya mtu mmoja. Rahisi, si ndiyo? Watu sita wazima kambini!

Niliwauliza wote. Wa kwanza, mtu wa kwetu magharibi, aliniambia kwamba mkewe akisikia ameshika sufuria atamcheka mpaka kwa wakwe. Wa pili na wa tatu walikuwa wa jamii za wafugaji wa huko huko milimani, na waliniangalia kama niliyewaomba wavae shanga za wake zao. Wa nne alisema angeshika kama ningekuwa mgonjwa. Wa tano alinishauri nioe. Nyapara alisema yeye ni nyapara. Nikawaambia kidole kimoja hakivunji chawa, wakanijibu chawa ni wangu, nijivunjie mwenyewe. Na kula walitaka! Hilo ndilo lililonichoma. Mtu anataka ugali mgumu wa kuliwa na maharagwe, lakini mkono wake ukigusa ukingo wa sufuria atageuka mwanamke. Nilikasirika nikawapikia viazi siku mbili mfululizo, bila chumvi, makusudi.

Nilijaribu waya. Nikaufunga kwenye mdomo wa sufuria nikauvuta kwenye vigingi, lakini sufuria zetu hazina masikio wala mikono, zina ukingo tu, na waya uliteleza kila nilipokandamiza. Nilichoweza kupata ni ugali mdogo, laini, uliosongwa kwa woga. Vijana waliuita uji uliokasirika.

Jumamosi ikafika. Vijana walikwenda kwenye miti yao, nyapara akateremka barabarani kumpokea bwana msitu. Nilibaki peke yangu. Nikafanya kila nililoambiwa: ubao chini, mbali na hema na nyasi, gunia bichi kulia kwangu, tangi limeachiwa hewa, skrubu nimeijaribu. Nikawasha. Moto wa buluu, mngurumo mzuri. Nikateleka maji, na nilipoinua kichwa, niliona kabuti likipanda kati ya miti.

Njoro mpaka pale si karibu, na baba alikuwa amekuja kwa miguu tangu alfajiri. Nikamwamkia. Aliuliza ni msitu upi niliouchoma.

Kumbe utingo wa lori moja la mbao alikuwa amesimulia shambani kwamba mpishi wa kambi ya Mau amechoma mlima. Mkeka wa nyasi ulikuwa umekua njiani ukawa mlima. Nikamwonyesha lile doa jeusi. Akalitazama, akaitazama miti yote iliyosimama kijani mpaka juu, akapumua kwa nguvu. Kisha akaenda kuketi kwenye gogo, hatua kumi kutoka nilipo, amenipa ubavu, vile vile anavyokaa nyumbani. Sikujua amekuja kunichukua au kuniaibisha, na sikuthubutu kuuliza.

Baada ya kitambo akakohoa.

Ala! Kikohozi kile nilikijua. Maji yalikuwa yanachemka. Nikatia unga. Huko chini nikasikia sauti ya nyapara na ya bwana msitu wanapanda. Nikaanza kusonga, kwanza polepole, ukaanza kushika, na hapo hakuna polepole tena. Ukiuacha unaungua, ukiusukuma stovu inatembea. Nilishika ukingo kwa kitambaa kwa mkono wa kushoto. Kitambaa kilikuwa chembamba, nikaungua, nikabadilisha mkono. Mguu mmoja wa stovu ukainuka juu ya ubao. Nikaona yote kwa mara moja: ugali chini, moto kwenye nyasi, bwana msitu amesimama, baba ameketi, na mimi njia ya Njoro nazunguka nyuma.

Mikono miwili ya kabuti ikaja mbele ya macho yangu. Alikuwa amechuchumaa ng'ambo ya stovu, amevuta mikono ya kabuti mpaka ikafunika viganja, na ameibana sufuria pande zote mbili, uso ameugeuza kuukwepa mvuke.

"Songa," akasema. "Nimeshika."

Nikasonga. Sufuria ile haikusogea hata unywele. Nilikuwa kama nimeiweka juu ya jabali. Nilisonga kwa mabega yote mawili, na machozi yalikuwa yananitoka, na usiusingizie mvuke. Nilipokuwa napapasa katikati, akanikemea.

"Anzia pembeni. Mama yako huanzia pembeni, halafu anaurudisha ndani."

Miaka yote ile ameketi mlangoni, amegeuza uso, anakohoa, kumbe alikuwa anatazama. Nikaanzia pembeni. Harufu ya sufu inayoungua ikanijia, nikamwambia kabuti lake linaungua. Akaniambia nisonge kwanza, kabuti baadaye.

Hivyo ndivyo bwana msitu alivyotukuta. Alisimama na daftari lake, akatazama stovu, ubao, gunia bichi, akauliza kwa Kiswahili chake mzee huyu ni nani. Nyapara, mtu wa kanisa ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya, akajibu bila kupepesa kwamba ni msaidizi wa mpishi. Nilingoja mbingu zianguke. Baba hata hakumwangalia. Alimwambia mzungu yule, kwa sauti aliyorudi nayo kutoka vitani:

"Sufuria hii haina mikono. Andika hapo: kupika ni watu wawili."

Bwana msitu akaandika. Mkono wangu ukaenda kwenye skrubu bila kutumwa; moto ukapumua mara moja ukanyamaza. Nikaupindua ugali kwenye ubao safi, ukasimama.

Vijana waliporudi walimkuta mzee wa vita vya Bama ameketi na mikono ya kabuti imebabuka, anakula ugali wa mwanawe. Alikata tonge la pili, na la tatu. Juu ya ugali hakusema neno. Alisema maharagwe yamekosa chumvi. Alipomaliza alinawa, akaaga, akashuka zake kabla jua halijageuka sana. Na wewe niamini, kesho yake yule aliyenishauri nioe ndiye aliyekuja wa kwanza kushika sufuria, na kabla ya wiki kwisha walikuwa wanagombania zamu. Yule wa wakwe aliwika kuliko wote kwamba anayeshika ndiye mwenye kazi, anayesonga anacheza tu.

Mvua zilipoanza kambi ilifungwa. Kazi nilimaliza, sikufukuzwa, na nyapara akanipa ile sufuria niende nayo. Nilipanda lori mpaka Njoro, nikatembea mpaka shambani nimeibeba kichwani. Mama alikuwa uani, akaniambia kwa kunong'ona kwamba amejaribu mara tatu kulitia kiraka kabuti, na mara tatu amenyang'anywa.

Nilikuwa nazunguka nyuma, kwenye jiko. Si kwa hasira. Miguu ilikuwa imelishika lile neno tangu siku niliyoondoka. Baba alikuwa ameketi mlangoni pake, amelivaa, na yale madoa mawili ya kahawia yanaonekana kutoka mbali. Akakohoa. Nikasimama.

"Unapotelea wapi?" akauliza. "Mlango ni huu."

Nikamwambia nina sufuria, wacha niifikishe jikoni kwanza.

"Ingia nayo," akasema, akasogeza miguu nipite.